"Sista hana huruma": huruma hailetwi kwa kufokewa

SEHEMU YA 1: UGOMVI WANGU

Nimetoka zamu, nimeoga, nimekula, sasa nimekaa. Wengi mnanifuata hapa kwa ajili ya mambo ya presha, sukari na ujauzito. Leo siyo hayo. Leo nina ugomvi, na nitauandika sehemu kwa sehemu maana ni mrefu. Kama una maharage jikoni kayaangalie kwanza.

Ugomvi wenyewe nina nao na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wewe unayeandika kila wiki kwamba manesi wa siku hizi hawana huruma, hawana wito, wafukuzwe wote. Wa pili ni sisi manesi wenyewe, hasa tulio wakubwa kazini, tunaodhani huruma inaingia kwa mwanafunzi kwa kumfokea mbele za watu.

Alhamisi iliyopita tulikuwa na mtoto wa miaka minne aliyeungua uji wa moto, kifua na mkono. Dawa ya maumivu alikuwa amepewa, lakini anayejua kusafisha kidonda cha moto anajua kwamba dawa inapunguza tu, haimalizi. Mwanafunzi wetu, binti wa mwaka wa pili, alipewa kazi ya kumshika mtoto mkono na kumwongelesha. Mtoto akapiga kelele, akamwita mama yake. Yule binti akashika kidogo, akashika tena, halafu akamwachia mtoto, akatoka nje.

Mwenzetu mmoja mwandamizi akamfuata, akamkuta stoo ya mashuka. Akamtoa mpaka koridoni, ndugu wa wagonjwa wakiangalia, akamwambia: "Wewe huna huruma! Mtoto wa watu analia, wewe unakimbia? Kazi hii siyo yako, karudi kwenu." Na ripoti ikaandikwa. Jumatatu kuna kikao cha kuamua kama mazoezi yake ya vitendo yamefeli.

Nimemwomba binti ruhusa ya kuandika haya, amekubali. Hospitali siitaji wala mtu simtaji. Ninachotaka ni kukuonyesha kwamba lile neno "huna huruma" lilikuwa uongo, tena uongo ambao kuna mtu alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuuchunguza.

SEHEMU YA 2: MTU MWENYEWE

Mtu huyo anaitwa Martin Hoffman, mwanasaikolojia wa Marekani. Alifundisha Chuo Kikuu cha Michigan, baadaye New York University. Nilimkuta nilipokuwa nasoma shahada, kwenye somo ambalo wengi wetu tulikuwa tunasinzia. Kazi yake ilianza kujulikana miaka ya 1960, na mwaka 2000 akaikusanya kwenye kitabu kimoja, "Empathy and Moral Development", kilichochapishwa na Cambridge University Press. Kwa Kiswahili changu: huruma na jinsi utu wema unavyokua ndani ya mtu.

Wakati Hoffman anaanza, aliyekuwa anatamba kwenye mambo haya alikuwa Lawrence Kohlberg. Kohlberg aliwapa watoto visa vigumu na kusikiliza wanavyojieleza. Kisa chake maarufu ni cha mwanaume ambaye mke wake anakufa, dawa ipo dukani ila bei haishikiki: aibe au asiibe? Kohlberg alitaka kujua mtu anafikirije.

Hoffman aliuliza kitu kingine. Tuseme mtu anajua lililo jema, na hakuna anayemwangalia, na jema lenyewe lina gharama. Nini kinamsukuma alifanye? Fikiria zamu ya usiku saa tisa, inchaji amelala, mgonjwa wa kitanda cha mwisho anaita kwa sauti ya chini. Kanuni unazijua zote, umezifanyia mtihani. Nini kinakuinua kwenye kiti?

Jibu lake ni huruma, lakini elewa anachomaanisha. Hamaanishi kumwonea mtu huruma kama tunavyomwonea omba omba huku tunafunga kioo cha gari. Anamaanisha ile hali ya kuguswa na jambo la mwenzako kuliko linavyokugusa jambo lako la wakati huo. Wewe uko salama, huumwi popote, lakini kuna kitu kinakubana kwa sababu yeye anaumwa.

SEHEMU YA 3: TUNAZALIWA NAYO

Nyie mnaosema "watoto wa siku hizi wamezaliwa bila huruma", kaeni hapa.

Mwaka 1976 Hoffman na mwenzake Abraham Sagi walichapisha utafiti wa watoto wachanga wenye umri wa siku moja hivi. Wengine walisikilizishwa kilio cha mtoto mchanga halisi, wengine kilio cha kutengenezwa na mashine, wengine hawakusikilizishwa kitu. Waliosikia kilio cha mtoto mwenzao ndio waliolia zaidi. Kwa hiyo siyo suala la kelele tu. Mkunga yeyote atakuambia hivyo hivyo: wodi ya wazazi akianza mmoja, kwaya nzima inafuata.

Hoffman hakusema mtoto wa siku moja ana huruma kamili. Alisema hiyo ni mbegu, halafu akaonyesha inavyoota. Mtoto anayekaribia mwaka, akimwona mwenzake ameanguka, anaumia naye lakini anatafuta faraja yake mwenyewe: anakimbilia mapajani kwa mama yake. Baadaye kidogo anajua anayeumia ni mwenzake, ila msaada anaotoa ni ule unaomfaa yeye. Hoffman anaeleza kuhusu mtoto aliyemwona rafiki yake analia, akaenda kumvuta mama yake mwenyewe aje kubembeleza, wakati mama wa yule rafiki alikuwepo pale pale.

Na kuna mtoto wa miezi 15, Hoffman anamwita Michael. Aligombania toy na mwenzake, mwenzake akalia. Michael akaiachia ile toy. Kilio hakikuisha. Akaleta dubu wake mwenyewe wa kuchezea. Haikusaidia. Akasimama akifikiri, kisha akaenda chumba cha pili akaleta kiblanketi ambacho yule mwenzake hukikumbatia. Mwenzake akanyamaza. Miezi 15, jamani! Kajaribu, kakosea, kaangalia matokeo, kabadilisha matibabu. Kuna wataalamu wazima hawafanyi hivyo.

Na inaendelea kukua. Mtoto akifika ukubwani anaweza kuguswa na maisha ya mtu, siyo tu na kilio cha dakika hii. Ndugu wa mgonjwa anayekutukana dirishani anaweza kuwa ameuza mbuzi wa mwisho ili afike hapo. Kumwona hivyo nako ni huruma, na inachukua miaka kuipata.

Kwa hiyo mwanafunzi hafiki chuoni akiwa debe tupu la kujazwa huruma. Anafika nayo. Tujiulize sisi tunaifanyia nini baada ya hapo.

SEHEMU YA 4: ILIYOZIDI NAYO INAKIMBIZA

Turudi kwa binti wa stoo ya mashuka.

Hoffman aliona jambo ambalo wahubiri wa huruma hawalisemi: huruma ikizidi kiasi, inageuka. Maumivu ya mgonjwa yanakuwa maumivu yako kiasi kwamba unachotafuta sasa ni kujiokoa wewe. Unageuka pembeni, unatoka nje, unajishughulisha na mafaili ambayo yangeweza kusubiri. Anayekuangalia kwa nje anaona mtu mkavu asiye na huruma, kumbe ndani mambo yako kinyume kabisa.

Anarejea utafiti wa Ezra Stotland na wenzake, uliochapishwa mwaka 1978, uliowahusisha wanafunzi wa uuguzi. Soma polepole hapa: wenye huruma nyingi zaidi, wanapoanza kukutana na wagonjwa mahututi, ndio walioelekea kuwakwepa. Walikuwa wanavutwa huku na huku, moyo mmoja unataka kusaidia, moyo mwingine hauwezi hata kukaa chumba kile.

Sasa niambie. Binti aliyeshika mkono wa mtoto aliyeungua, akashika, akashika tena, halafu akashindwa, huyo hana huruma? Asiye na huruma angesimama pale anatafuna bigijii. Mimi nimewaona wa hivyo, na hakuna aliyewaandikia ripoti, kwa sababu hawasumbui mtu.

Sisemi alifanya sawa kumwachia mtoto. Hapana. Mtoto alihitaji mkono ule. Nasema ugonjwa wake ni mwingine na sisi tukampa dawa isiyo yake. Mtu mwenye sukari iliyoshuka huwezi kumdunga insulini kwa sababu tu umesikia neno sukari. Utamuua.

Dawa yake ipo, na Hoffman anaigusa anapoeleza kwa nini mama au mtu aliyejifunga na wajibu wa kusaidia anaweza kubaki pale ambapo mpita njia angekimbia. Kinachombakiza ni wajibu, tena wajibu wenye kazi ya kufanya na mtu wa kuegemea. Binti angeambiwa mapema: mtoto atalia sana, kulia kwake siyo dalili kwamba unamdhuru, wewe mhesabie vidole kwa sauti, ukizidiwa nikonyeze nikupokee. Maneno ya sekunde ishirini. Hakuna aliyemwambia. Na mimi nilikuwepo zamu hiyo, kwa hiyo na mimi nimo.

SEHEMU YA 5: MABAVU, KUNUNA NA KUONYESHANA

Sasa tuje kwenye kufoka, maana najua kuna mtu anaandaa methali: samaki mkunje angali mbichi. Sawa. Swali langu ni unamkunja kuelekea wapi.

Mwaka 1967 Hoffman na Herbert Saltzstein walichapisha utafiti wa watoto wa darasa la saba wa eneo la Detroit na wazazi wao. Waliangalia namna tatu za kumrudi mtoto. Ya kwanza ni mabavu: kuchapa, kutisha, kunyang'anya. Ya pili ni kumnyima upendo: kumnunia, kutomsemesha, kumwambia sikutaki tena. Ya tatu sina jina lake zuri la Kiswahili, mimi naiita kuonyeshana: kumwelekeza mtoto aone alichomfanyia mwenzake. "Umemsukuma, ameanguka, goti linamtoka damu, na anakuogopa."

Watoto ambao mama zao walitumia zaidi kuonyeshana walikuwa na dhamiri iliyokomaa zaidi. Mabavu yaliendana na dhamiri dhaifu. Kununa hakukuonyesha kitu kikubwa. Niwe mkweli kama Hoffman alivyokuwa mkweli: mpangilio huo ulionekana wazi kwenye familia za kipato cha kati, kwenye familia maskini haukujitokeza vile. Tena utafiti wa namna hii unaonyesha vitu vinavyokwenda pamoja, hauthibitishi kipi kimezaa kipi. Kwa hiyo sikuuzii dawa ya miujiza hapa.

Lakini sikiliza maelezo yake ya kwa nini, halafu uyapime na maisha yako. Ukimfokea mtu na kumtisha, akili yake inageukia kwake mwenyewe: nitafanywa nini, nani ameona, nitajificha wapi. Aliyeumizwa anatoka kwenye picha. Ukimwonyesha, akili inakwenda kwa aliyeumizwa, na pale huruma aliyozaliwa nayo inakutana na ukweli kwamba chanzo ni yeye. Hapo ndipo hatia inazaliwa, hatia ile nzuri, inayokufanya urekebishe. Hoffman anakubali kwamba lazima uwe na msimamo kiasi cha mtoto kukusikiliza. Ila ukizidisha, anachosikia ni hofu tu.

Mimi nina ushahidi wangu, na sijivunii.

Mwaka wangu wa pili kazini nilikuwa leba usiku. Tuko wawili, akina mama kumi na moja. Kulikuwa na binti wa miaka kama kumi na tisa, mimba ya kwanza, anapiga kelele tangu saa mbili. Saa saba nikachoka. Nikamwambia ile kauli mnayoijua: "Wakati unaitafuta hiyo mimba ulikuwa unalia hivi?" Akanyamaza. Nikaona nimefanikiwa. Akajifungua alfajiri kimya kimya.

Asubuhi inchaji akasikia. Mama mtu mzima, amebakiza miaka michache astaafu. Nilijua nitapigwa maneno mpaka nikome. Hakunifokea. Alinikalisha akaniambia: "Mwanangu, ulipomwambia vile alinyamaza. Unadhani maumivu yaliisha? Amekaa usiku mzima anaogopa kukuita. Angeanza kutoka damu nyingi, angemwita nani?"

Halafu akanituma nimpelekee uji, nikamwombe msamaha. Nilipofika kitandani, kabla sijafungua mdomo, yule binti akaniwahi: "Samahani sista, nilikusumbua sana jana."

Yeye ndiye aliyeniomba msamaha mimi.

Ndugu zangu, ningefokewa siku ile ningenuna wiki nzima na kusema inchaji ana roho mbaya. Ningejifunza jambo moja tu: usiseme vile inchaji akiwa karibu. Badala yake sijawahi kuirudia kauli ile mpaka leo, na mama akinyamaza ghafla leba mimi ndiye wa kwanza kwenda kumwangalia. Miaka baadaye nilipomsoma Hoffman, niliweka kitabu chini. Yule mama hakuwahi kumsikia Hoffman. Alikuwa anajua kazi yake.

SEHEMU YA 6: HARAKA

Sasa wewe raia usianze kushangilia ukidhani nimemaliza. Nakuja kwako.

Unaposema "wapewe semina ya huruma", nina utafiti wako. Mwaka 1973 John Darley na Daniel Batson walichapisha jaribio walilofanya Princeton kwa wanafunzi 40 wanaosomea uchungaji. Kila mmoja aliambiwa aende jengo jingine akatoe hotuba fupi. Wengine walipewa mada ya kazi wanazoweza kufanya wahitimu. Wengine walipewa habari ya Msamaria Mwema, yule aliyemsaidia mtu aliyepigwa na kuachwa njiani. Njiani, watafiti walikuwa wamemweka mtu ameinama mlangoni, anakohoa na kuguna.

Wengine waliambiwa wana muda wa kutosha, wengine kwamba muda umefika, wengine kwamba wamechelewa. Waliokuwa na nafasi walimsaidia kwa asilimia 63. Wa katikati, asilimia 45. Walioambiwa wamechelewa, asilimia 10. Mada ya hotuba haikuleta tofauti ya maana. Yaani kuna mtu alikuwa njiani kwenda kumhubiri Msamaria Mwema, akampita mgonjwa.

Hao walikuwa watumishi wa Mungu watarajiwa. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na haraka.

Sasa chukua sista mmoja, mpe wodi nzima, mpe na mafaili, mpe na simu ya maabara, mpe na ndugu ishirini wanaogonga mlango saa ya kuona wagonjwa haijafika. Halafu mbandikie ukutani tangazo: MTEJA NI MFALME, TUMIA LUGHA NZURI. Unafikiri tangazo litashinda haraka? Habari ya Msamaria Mwema yenyewe haikushinda!

Kwa hiyo anayetaka huruma wodini asilete semina kwanza. Alete mtu wa tatu wa zamu ya usiku. Hapo nitaamini anataka huruma kweli, siyo picha ya ufunguzi wa semina.

Na wenzangu manesi, msinikimbie na utafiti huo mkaufanya kichaka. Asilimia 10 walisimama hata wakiwa wamechelewa. Haraka inaeleza kwa nini tunapita, haitupi ruhusa ya kutukana. Kauli yangu ya leba haikuokoa hata dakika moja. "Pole mama, narudi" ina maneno matatu, ile yangu ilikuwa na mengi zaidi.

SEHEMU YA 7: HURUMA YENYE UPENDELEO

Hili ndilo litakalowaudhi wengi, na nimeliweka karibu na mwisho makusudi.

Hoffman hakuiabudu huruma. Aliandika wazi kwamba ina upendeleo wa aina mbili. Inaelemea kwa watu wetu, ndugu, jirani, anayefanana nasi. Na inaelemea kwa aliye mbele ya macho, kuliko yule asiyeonekana. Ndiyo maana kitabu chake hakikuishia kwenye huruma, kina na haki ndani yake. Alisema huruma inahitaji kufungwa pamoja na kanuni za haki ili isipotee njia.

Batson na wenzake walilipima hili mwaka 1995. Waliwasimulia watu habari za msichana mgonjwa sana, iliyotungwa kwa ajili ya jaribio, aliyekuwa kwenye orodha ya kusubiri huduma. Walioambiwa wavute picha ya anavyojisikia walikuwa wepesi zaidi kumsogeza mbele, kuwapita watoto wengine waliokuwa na uhitaji mkubwa zaidi. Huruma yao kwake ilikuwa ya kweli kabisa. Na iliwadhulumu watoto wengine ambao hakuna aliyesimulia habari zao.

Umeshaanza kujiona? Wewe unayetuandika kwamba hatuna huruma ndiye unayempigia simu shemeji yako wa maabara ili majibu ya mama yako yatoke kwanza. Ndiye unayeniambia "sista nisaidie, huyu ni mtu wangu". Nikikusaidia unaniita sista mwenye roho nzuri. Nikikataa, sina huruma. Lakini yupo bibi kwenye benchi tangu saa kumi na mbili asubuhi, hana shemeji maabara, hajui hata jina la daktari. Nikikupitisha wewe, yeye ndiye anayelipa. Huruma yangu kwake iko wapi?

Kwa hiyo siku nyingine sista akikukazia kwenye foleni, kabla hujatoa simu kumrekodi, angalia benchi. Inawezekana umekutana na huruma ile ngumu, inayomwona na mtu asiyepiga kelele.

SEHEMU YA 8: JUMATATU

Najua majibu yanayokuja. "Kwa hiyo wasiadhibiwe?" Hapana, sijasema hivyo. Anayempiga mgonjwa, anayeomba rushwa, anayelala mgonjwa anakufa, huyo kuna sheria na kuna baraza la taaluma, apelekwe. Kumzuia mtu asidhuru wengine ni jambo moja. Kumlea mtu awe na utu ni jambo jingine, na hili la pili mabavu hayaliwezi.

"Sisi tulifokewa na tumekuwa manesi wazuri." Dada yangu, umekuwa muuguzi mzuri, sikatai. Lakini hebu jiulize ni nani hasa aliyekufanya uwe mzuri, yule aliyekufokea, au kuna mmoja mahali fulani aliyekushika mkono akakuonyesha? Na wale waliofokewa pamoja na wewe wakaacha kazi, umewahi kuwahesabu? Na je, ile sauti unayomfokea nayo mgonjwa ukichoka, uliitoa wapi? Mimi yangu ya leba niliitoa kwa mwalimu wangu wa vitendo, neno kwa neno.

Jumatatu saa nne nitakuwa kwenye kile kikao. Sijaalikwa kusema lakini nitaomba nafasi. Nitaomba mambo matatu. Kwanza, ile ripoti iandike kilichotokea, kwamba mwanafunzi alizidiwa akaondoka, na iondoe neno "hana huruma", kwa sababu hilo siyo jambo lililoonekana, ni hukumu. Pili, arudishwe kwa mtoto yule yule, nikiwa naye, amshike mkono kwenye kusafishwa kunakofuata. Mtoto amemuulizia, anamwita "dada wa hadithi", kwa sababu kabla ya siku ile alikuwa anamsimulia za sungura na fisi. Tatu, mwanafunzi yeyote asiingizwe kwenye kidonda cha moto bila kuandaliwa, na hilo lianze na mimi.

Pengine watanikatalia. Aliyeandika ripoti ni mkubwa wangu kikazi, na si mtu mbaya hata kidogo. Na yeye alifokewa enzi zake, na Alhamisi ile alikuwa na wodi mbili peke yake. Simchukii. Nitamweleza kama nilivyoelezwa mimi: binti yuko stoo hakukuwa na mtu wa kumwambia rudi, mtoto yuko kitandani mkono wake uko hewani, na sisi tuko koridoni tunapiga kelele. Nani alikuwa amemshika mtoto wakati huo?

Nimemaliza. Kama una mwanafunzi wa uuguzi nyumbani, usimuulize leo amefaulu ngapi, muulize leo ameona nini, halafu nyamaza umsikilize. Kama wewe ni muuguzi uliyewahi kukimbilia stoo ya mashuka, niandikie hapo chini, najua tuko wengi. Na mwenye matusi aandike tu. Nitayasoma nikitoka zamu, kesho niko usiku.